Majaribio Sambamba na Lugha ya Takwimu: Kutoka Vibanda vya Muheza hadi Nyuzi za Kompyuta



1.0 Utangulizi

Huenda baadhi yenu mmeshangaa kuiona mada hii katika mihadhara ya taaluma za Kiswahili, ambamo tumezoea kusikia habari za ushairi, lahaja na mofolojia. Jambo nitakalolizungumzia kwa kawaida hujadiliwa katika idara za kompyuta. Nalo ni namna ya kuijaribu programu au seva kwa kuitwika mzigo wa maombi mengi kwa wakati mmoja, na namna ya kuandika taarifa ya takwimu zinazotokana na jaribio hilo.

Nimeichagua mada hii kwa sababu mbili. Kwanza, sisi watu wa lugha tumekwisha kuwa wenye seva. Kamusi zetu ziko mtandaoni. Kongoo, yaani mikusanyo mikubwa ya matini, kama ile ya Helsinki iliyojengwa chini ya uongozi wa Arvi Hurskainen, hutumiwa na watafiti walio mbali sana na mashine inayozihifadhi. Mwalimu akiwaambia wanafunzi mia mbili watafute mifano ya kiambishi -ki- katika kongoo moja, saa ileile, amekwisha kufanya jaribio la mzigo, ila hajui kwamba amelifanya na wala hana daftari la matokeo. Pili, nimekuja kuamini kwamba kosa kubwa linalofanyika katika taarifa za majaribio haya huwa la lugha kabla halijawa la hesabu. Kosa hilo limejificha ndani ya neno moja tunalolitumia kila siku, nalo ni neno wastani.

Naomba nianzie mbali kidogo na kompyuta, katika milima ya Usambara Mashariki na tambarare zilizo chini yake. Huko kazi ya kujaribu vitu kando kwa kando imefanywa kwa zaidi ya miaka mia moja, na mantiki yake inaweza kuelezwa kwa maneno ambayo hayamhitaji mtu awe mhandisi.

2.0 Amani na Muheza: kujaribu kando kwa kando

Kituo cha Amani kilianzishwa na serikali ya kikoloni ya Wajerumani mwaka 1902 kwa ajili ya utafiti wa mimea na kilimo. Waingereza walikifufua mwishoni mwa miaka ya 1920 kama kituo cha utafiti wa kilimo cha Afrika Mashariki. Hapo ndipo H. H. Storey na R. F. W. Nichols walipofanya kazi yao mashuhuri juu ya magonjwa ya muhogo. Storey alieleza ugonjwa wa michirizi ya kahawia mwaka 1936, na wote wawili walichapisha uchunguzi wao wa batobato mwaka 1938. Muhogo ulipandishwa na mti wa mpira wa jamii yake ili kupata uzao unaostahimili virusi, na baadhi ya uzao wa Amani baadaye ulitumika kuzalisha mbegu huko Afrika Magharibi.

Sasa fikirini tatizo la mtu mwenye aina mbili za muhogo anayetaka kujua ipi inastahimili zaidi. Akipanda ya kwanza mwaka huu na ya pili mwakani, hatajua kama tofauti aliyoiona imetokana na mbegu, au na mvua, au na wingi wa inzi weupe wanaoeneza batobato. Hana budi kuzipanda pamoja katika msimu mmoja, na arudie vitalu vyake mahali kadhaa, maana hata shamba moja lina kona yenye rutuba na kona yenye mawe. Aina ipi iende kitalu kipi iamuliwe kwa bahati nasibu, asije akaipa mpenzi wake mahali pazuri bila kujijua. Mantiki hii iliwekewa misingi ya kihisabati na R. A. Fisher, aliyeanza kazi katika kituo cha kilimo cha Rothamsted, Uingereza, mwaka 1919 na kutoa kitabu chake juu ya usanifu wa majaribio mwaka 1935. Takwimu za kisasa, kwa kiasi kikubwa, zimezaliwa shambani.

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia utafiti wa kilimo ulihamia Kenya, na Amani ikawa makao ya utafiti wa malaria. Mwaka 1954 kikaitwa kituo cha Afrika Mashariki cha malaria na magonjwa yaenezwayo na wadudu. Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1979, ilikirithi kituo hicho, na shughuli zake nyingi zikateremka Muheza. Katika ukanda huo ndipo yalipofanyika majaribio ya vyandarua vilivyotiwa dawa ya permethrini, ambayo matokeo yake yalichapishwa mwaka 1987 na J. D. Lines, J. Myamba na C. F. Curtis.

Majaribio ya namna hiyo hufanyika katika vibanda vidogo vinavyofanana, vilivyojengwa kwa safu. Kila kibanda huzungukwa na mfereji wa maji ili siafu na sisimizi wasiingie kuwala mbu waliokufa kabla hawajahesabiwa. Usiku mtu hulala ndani ya kila kibanda. Kimoja kina chandarua chenye dawa, kingine kina dawa ya aina nyingine, na kimoja kina chandarua kisicho na dawa kabisa, ambacho ndicho kipimo cha kulinganishia. Alfajiri mbu hukusanywa sakafuni, ukutani na katika mitego ya madirisha au ya baraza: wangapi wamekufa, wangapi hai, wangapi wameshiba damu. Kwa kuwa watu hawafanani katika kuwavutia mbu, walalaji hubadilishana vibanda usiku hadi usiku, hata kila mmoja awe amelala kila mahali. Na mara nyingi vyandarua hutobolewa matundu makusudi kabla ya jaribio, kwa sababu chandarua kipya kisicho na tundu humkinga mtu hata bila dawa. Kinachotakiwa kujulikana ni kitakavyokuwa kikichakaa.

Naomba jambo hili la mwisho mlishike. Kukijaribu chombo katika hali yake njema hakutwambii mengi. Mwenye seva anayeijaribu kwa ombi moja moja, asubuhi, akiwa peke yake ofisini, analala ndani ya chandarua kipya.

3.0 Sambamba, zamu na uzi

Kiswahili kina utajiri katika eneo hili ambao waandishi wa programu hawajautumia vya kutosha. Tuna sambamba, kwa vitu viendavyo kando kwa kando, kama mistari sambamba ya somo la jiometri. Tuna kwa zamu, ambapo kitu kimoja hupisha kingine. Mpishi mmoja mwenye vyungu vitatu jikoni hapiki sambamba. Anavihudumia vyungu kwa zamu za harakaharaka, akikoroga hiki na kufunika kile. Wapishi watatu, kila mmoja na chungu chake, ndio wanaopika sambamba. Kompyuta yenye kichakato kimoja ni mpishi wa kwanza, hata kama mtazamaji huona vyungu vyote vinachemka pamoja. Wataalamu wa kompyuta hutumia maneno mawili tofauti kwa hali hizi mbili, na sisi tunayo tayari bila kukopa.

Kwa mtiririko mmoja wa amri ndani ya programu, istilahi inayofaa ni uzi. Nakiri naipenda kwa upendeleo wa kwetu Tanga, mahali ambapo neno uzi halitengani na mkonge. Nyuzi nyingi husokotwa kuwa kamba moja, na programu ya jaribio la mzigo hutuma nyuzi nyingi, kila moja ikijifanya mtumiaji mmoja. Kwa upande wa seva tuna kitenzi ambacho lugha nyingine zinaweza kutuonea wivu: kuelemewa. Seva iliyoelemewa si iliyozimika. Ingali imesimama, ila imeinama chini ya mzigo, na tofauti hiyo ndiyo hasa tunayotaka kuipima.

Mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, uliotoa mwaka 2004 programu za ofisi kwa Kiswahili kwa jina la Jambo OpenOffice, ulithibitisha kwamba menyu na vitufe vyaweza kusema Kiswahili. Lakini menyu ni uso wa programu. Istilahi za kueleza yanayotendeka ndani, ambako nyuzi hugongana na foleni hurefuka, tumeziacha nyuma.

4.0 Wastani

Neno wastani tumelipata kutoka Kiarabu, ambako shina lake lina maana ya kati au katikati. Maana hiyo bado i hai katika usemi wetu: mtu wa wastani si mrefu wala si mfupi, maisha ya wastani si ya utajiri wala ya ufukara. Halafu shule ikaja ikalipa neno hilohilo kazi ya pili, yaani jumla ya thamani zote ikigawanywa kwa idadi yake. Kwa hiyo Mswahili anaposoma kwamba wastani wa muda wa kujibiwa ni sekunde moja, masikio yake husikia kwamba mtu wa katikati alingoja sekunde moja. Hesabu haikusema hivyo.

Chukueni mfano niliouunda kwa ajili ya mhadhara huu. Maombi 100 yametumwa kwenye kamusi ya mtandaoni. Tisini yamejibiwa kwa sekunde 0.2 kila moja, na kumi yamejibiwa kwa sekunde 8. Jumla ni sekunde 98, na wastani ni sekunde 0.98. Hakuna hata mtu mmoja aliyengoja sekunde 0.98. Tisini waliona kamusi ina kasi, na kumi walidhani imekufa, pengine wakaifunga. Thamani ya katikati hasa, tukiyapanga majibu kwa mstari kutoka fupi hadi refu na kuchukua la katikati, ni sekunde 0.2. Wastani katika mfano huu hauko katikati ya kitu chochote.

Muda wa kusubiri katika kompyuta karibu kila mara una umbo hili. Majibu mengi hurundikana upande mfupi, na machache hunyooka kwenda mbali kama mkia. Ndiyo maana taarifa nzuri haiishii kwenye wastani. Hutaja thamani ya katikati, kisha mipaka ya mkiani: ni muda gani ambao maombi 95 kati ya kila 100 yalikuwa yamekwisha kujibiwa, na ni muda gani kwa 99. Katika mfano wetu mipaka yote miwili ni sekunde 8, na msomaji hugutuka mara moja.

Na tusidhani mkia ni wa watu wachache wasio na bahati. Ukurasa mmoja wa mtandaoni mara nyingi huita maombi kadhaa nyuma ya pazia. Ikiwa ukurasa unahitaji majibu 20, na kila jibu lina nafasi 95 kati ya 100 za kuwahi, nafasi ya yote 20 kuwahi ni takribani 36 kati ya 100. Walio wengi wataonja mkia.

5.0 Jaribio ndani ya programu

Sasa tuingie ndani ya programu yenyewe. Nitaiandika kwa Kiswahili, kwa mpangilio ambao mwandishi wa programu yeyote anaweza kuugeuza kuwa lugha ya kompyuta anayoitumia:

    kwa kila uzi kuanzia 1 hadi 20, sambamba:
        daftari = orodha tupu
        rudia hadi muda wa jaribio uishe:
            ngoja hadi saa iliyopangwa ya ombi hili
            tuma ombi, pokea jibu
            muda = saa ya sasa toa saa iliyopangwa
            andika muda na hali ya jibu katika daftari
    nyuzi zote zikimaliza:
        unganisha madaftari yote
        panga kuanzia muda mfupi hadi mrefu
        toa taarifa

Angalieni kwamba kila uzi una daftari lake. Mwanafunzi anayeanza hupendelea kuwa na kaunta moja ambayo nyuzi zote zinaiongeza, kwa kuwa inaonekana nyepesi. Lakini kuongeza moja ni vitendo vitatu: kusoma idadi, kujumlisha, kuandika. Uzi wa kwanza husoma 41. Kabla haujaandika, uzi wa pili nao husoma 41. Kila mmoja hujumlisha na kuandika 42. Maombi mawili yamepita, moja limehesabiwa, na wala programu haitalalamika. Mtu aweza kuifungia kaunta kwa kufuli, ili uzi mmoja tu uiguse kwa wakati, lakini hapo nyuzi zitaanza kupanga foleni kwenye kufuli, na jaribio litakuwa linapima foleni yake lenyewe. Muheza kila kibanda huwa na hesabu yake, na hesabu huunganishwa asubuhi.

Kuunganisha nako kuna mtego. Tuseme uzi mmoja umepata majibu 960 ya sekunde 0.2, na uzi mwingine, ulionasa mahali pabaya, umepata majibu 40 ya sekunde 6. Mwandishi wa taarifa akikokotoa wastani wa kila uzi, kisha akachukua wastani wa hizo mbili, atapata sekunde 3.1. Wastani halisi wa maombi yote 1,000 ni sekunde 0.432. Kibaya zaidi ni kufanya hivyo kwa mipaka ya asilimia. Mpaka wa 95 wa uzi wa kwanza ni 0.2, wa uzi wa pili ni 6, na nusu ya jumla yake haina maana yoyote duniani. Mipaka haijumlishiki. Ni lazima kurudi kwenye vipimo vyenyewe, au kwenye jedwali la idadi kwa kila kundi la muda, na kuunganisha huko. Nimeona taarifa zilizoandikwa na watu wenye shahada zikifanya kosa hili kwa unadhifu mkubwa, zikiwa na grafu za rangi.

Msomaji anayetilia shaka taarifa ana kipimo kimoja rahisi cha kuikagua, ambacho John Little alikithibitisha mwaka 1961. Katika mfumo uliotulia, idadi ya waliomo ndani ni sawa na kasi ya kuingia mara muda ambao kila mmoja hukaa. Nyuzi 20 zinazotuma ombi jipya mara tu zinapojibiwa, huku wastani wa jibu ukiwa sekunde 0.5, haziwezi kupitisha zaidi ya maombi 40 kwa sekunde. Taarifa ikidai 100, kuna kitu hakikuhesabiwa au kimehesabiwa mara mbili. Hapa, kwa njia, wastani una haki yake: kanuni ya Little hutumia wastani, si thamani ya katikati. Sisemi tulifute neno hilo. Nataka tulijue kazi yake.

6.0 Wasiohesabiwa

Katika programu ile niliandika saa iliyopangwa, wala sikuandika saa ombi lilipotumwa. Tofauti hiyo ndogo ndiyo sehemu ngumu kuliko zote katika mada hii.

Vibanda vya mbu vya Afrika Mashariki vilivyosanifiwa miaka ya 1960 vina baraza pande nne. Baraza mbili hufungwa kwa wavu ili kuwanasa mbu watokao. Mbili huachwa wazi, kwa kuwa kibanda kilichozibwa pande zote hakifanani na nyumba ya mtu, na mbu hawataingia kama kawaida. Wanaotokea upande ulio wazi huondoka bila kuhesabiwa. Je, watafiti wawasahau? La. Idadi iliyonaswa katika baraza mbili zilizofungwa huzidishwa kwa mbili. Hesabu ya wasioonekana imejengwa ndani ya kipimo chenyewe.

Majaribio mengi ya mzigo hayana adabu hiyo. Chukueni mpimaji aliyepanga kutuma ombi moja kila sekunde kwa sekunde 100. Kwa kawaida jibu huja kwa sekunde 0.1. Katikati ya jaribio seva inaganda kwa sekunde 10. Mpimaji, kwa kuwa anangoja jibu kabla ya kutuma ombi jingine, naye anaganda. Mwisho ana vipimo 90 vya sekunde 0.1 na kimoja cha sekunde 10. Mpaka wake wa 95 ni sekunde 0.1, na wastani ni takribani sekunde 0.2. Taarifa inameremeta.

Lakini watumiaji halisi hawasubiriani. Mwanafunzi wa Korogwe hajui kwamba wa Pangani bado hajajibiwa. Katika zile sekunde 10, maombi mengine tisa yangefika na kupanga foleni, yakingoja sekunde 9, 8, 7, hadi 1. Tukiyahesabu tangu saa yaliyopangiwa, tunapata vipimo 100, wastani unapanda hadi sekunde 0.64, na mpaka wa 95 unakuwa sekunde 5, ambayo ni mara hamsini ya ule wa kwanza. Mhandisi Gil Tene ndiye aliyelipa kosa hili jina linalojulikana katika taaluma, kwa maana ya uachaji unaokwenda sanjari: mpimaji na anayepimwa wamekubaliana, bila kusema, kutoandika nyakati mbaya. Kwa Kiswahili napendekeza tuliite kosa la mpimaji anayesubiri.

Lipo na la maombi yaliyoshindikana. Seva iliyoelemewa mara nyingi hukataa ombi upesi sana, pengine kwa sekunde 0.01. Makataa hayo yakichanganywa na majibu, kadiri seva inavyoshindwa ndivyo inavyoonekana kuwa na kasi. Ndiyo sababu ya kuandika hali ya jibu daftarini, na kuyaripoti yaliyokataliwa mahali pake.

Mfano wa vibanda una mpaka wake nao, na ni haki niutaje. Vibanda vya safu moja havijitegemei kabisa. Mbu aliyefukuzwa na harufu ya dawa aweza kuhamia kwa jirani. Kwenye kompyuta hali ni mbaya zaidi. Programu inayopima ikikaa katika mashine ileile ya seva, zitanyang'anyana kichakato na kumbukumbu, na matokeo yatakuwa ya ugomvi wao. Matoleo mawili ya programu yanayolinganishwa sambamba kwenye mashine moja hudhuriana vivyo hivyo. Hapo heri kuyajaribu kwa zamu fupifupi, la kwanza, la pili, la pili, la kwanza, siku ileile, kama walalaji wanavyobadilishana vibanda, na kuzitupa dakika za mwanzo ambazo seva haijapata moto.

7.0 Namna ya kuandika

Wanafunzi wangu huniuliza taarifa iweje. Hii hapa moja, kwa takwimu za kubuni:

“Kamusi ilijaribiwa kwa nyuzi 20 kutoka mashine nyingine, kwa dakika 30, baada ya dakika 5 za kuipasha moto. Yalipangwa maombi 40 kwa sekunde, jumla 72,000. Yaliyojibiwa ni 71,280. Yaliyokataliwa ni 720, na muda wake haumo katika hesabu ifuatayo. Nusu ya majibu yalikuja ndani ya sekunde 0.2, 95 kati ya kila 100 ndani ya sekunde 1.4, 99 kati ya kila 100 ndani ya sekunde 6. Jibu refu kuliko yote lilichukua sekunde 31. Muda umehesabiwa tangu saa ombi lilipopangwa. Jaribio limerudiwa mara tatu kwa siku tofauti. Zilizotajwa ni za siku iliyokuwa mbaya zaidi.”

Hakuna neno la kigeni humo linalomzuia mtu wa lugha kuelewa, na neno wastani halikuhitajika. Linalobaki bila istilahi moja ni ule mpaka wa asilimia, ambao nimeuzunguka kwa maneno mengi: tisini na tano kati ya kila mia. Baadhi ya wenzangu wanapendekeza kuukopa kwa matamshi yetu. Wengine wanataka asilimia ichukue maana ya pili, jambo ambalo naliogopa, kwa kuwa tumeona yaliyolipata neno wastani lilipobebeshwa kazi mbili. Naliweka suala hilo mbele ya wajumbe, na nitashukuru kusikia mapendekezo yenu katika muda wa maswali.